Kwa baiskeli hadi Josselin, mji wa mtoni penye visa vya walionyimwa maji

Alhamisi: Redon hadi Malestroit

Treni ya mkoa kutoka Nantes ilitushusha Redon asubuhi na mapema, mimi na shemeji, kila mmoja na baiskeli yake na mabegi mawili yamening'inia nyuma. Shemeji ameishi Nantes miaka mingi na amekuwa akiniimbia kuhusu mfereji wa Nantes hadi Brest tangu nilipohamia Ufaransa, ila kila mwaka inatokea mvua, au kazi, au goti. Safari hii tulianza na tarehe. Tulitaka kuwa Josselin tarehe 8 Septemba, siku ya hija kubwa ya mji, na mara hii iliangukia Jumapili.

Redon yenyewe hatukuikalia. Ni mji wa makutano: mto Vilaine unaotoka Rennes unakutana na mto Oust, na mfereji wa Nantes hadi Brest unaukatiza Vilaine hapo hapo mjini. Watawa walianzisha abasia hapa mwaka 832. Tukapiga picha moja ya mnara, tukanunua mkate, jibini na ndizi. Muuzaji alisubiri sana kwenye ndizi, maana shemeji ni mtu wa Bukoba na ana maoni yake.

Mfereji unahitaji maelezo kidogo, la sivyo utadhani ni mto mpole tu. Napoleon alikuwa vitani na Uingereza, na manowari za Kiingereza zilizunguka pwani ya Bretagne, mkoa wa kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, zikizuia vyombo visifike Brest, bandari kuu ya kivita ya Ufaransa upande wa Atlantiki. Akaamua kupita bara: mito kadhaa iunganishwe kwa mifereji ya kuchimbwa, kutoka Nantes hadi Brest, kilomita 364. Kazi ilianza 1811. Walichimba wafungwa wa kivita wa Kihispania, wakachimba vibarua wa vijijini, na kule Glomel, kwenye mwinuko mkubwa kuliko yote, wakaletwa wafungwa kukata mtaro mrefu kwa sururu na koleo. Njia nzima ikakamilika 1842. Napoleon alikuwa marehemu wa miaka 21, vita vimesahaulika, na reli ilikuwa inakuja. Mfereji wa vita ukaishia kubeba mawe ya kuezekea, chokaa, mbolea, kuni na nafaka.

Leo haubebi hata hayo. Bwawa la umeme la Guerlédan, lililojengwa miaka ya 1920, liliukata katikati na kuzamisha malango 17 ya maji, na biashara ya matishari ikafifia hadi kwisha. Kilichobaki ni starehe. Njia ya pembeni, waliyopita farasi na binadamu wakiyavuta matishari kwa kamba, imekuwa ya baiskeli: changarawe iliyoshindiliwa, tambarare, haina gari hata moja. Mtu asiye na mazoezi anaimudu. Kero ni upepo wa magharibi tu, nao ulikuwa usoni mwetu siku nzima.

Saa moja na zaidi baada ya Redon bonde linabanwa na miamba mirefu pande zote mbili. Pale panaitwa Île aux Pies, na vijana walikuwa wamening'inia kwenye jabali kwa kamba, wakipigiana kelele za kutiana moyo. Tukala hapo.

Mchana tulisimama kwenye lango moja kumtazama mlinzi akipitisha mashua ya wazee wawili wa Kiholanzi. Nilikuwa nimesoma jinsi malango haya yanavyofanya kazi, lakini kuona ni kitu kingine. Chumba cha mawe, kipana kwa tishari moja tu, kina milango mikubwa mbele na nyuma. Mashua inaingia, milango ya nyuma inafungwa. Halafu yule binti, mwanafunzi wa kazi za msimu mwenye mikono iliyochubuka, anakwenda kwenye milango ya juu na kuzungusha mtaimbo wa chuma. Vidirisha vilivyo chini ya maji vinafunguka, na maji ya upande wa juu yanaanza kuchemka ndani ya chumba. Mashua inapanda taratibu, mzee anaikaza kamba, mkewe anamkumbusha aikaze zaidi. Maji yakilingana pande zote mbili, binti anauegemea mti mrefu wa mlango kwa mgongo na kurudi kinyumenyume, na mlango wenye uzito wa tani nyingi unafunguka kwa nguvu za msichana mmoja. Hakuna mota. Mfereji mzima ulikuwa na malango zaidi ya 230 ya namna hii, kila moja na nyumba ya mlinzi wake, na nyingi zimepambwa maua madirishani.

Malestroit tuliingia jioni. Ni mji mdogo na wageni wengi huupita tu. Mimi ningewashauri walale hapa. Katika uwanja wa Bouffay kuna nyumba za mbao na udongo za karne kadhaa, na mafundi wa enzi hizo walichonga kwenye mbao lolote lililowajia kichwani: nguruwe jike anasokota uzi, sungura anapuliza ala ya muziki. Hakuna maelezo ya kuridhisha, na sikuyahitaji. Kanisa la Saint-Gilles lina mlango uliochongwa ng'ombe juu yake, na wenyeji husema kuwa alasiri, jua likiwa pembe fulani, kivuli cha ng'ombe yule kinachora ukutani uso wa Voltaire, mtu aliyelisumbua Kanisa maisha yake yote. Sisi tulifika jua limeshashuka.

Mji huu ndipo wafalme wa Ufaransa na Uingereza walipokubaliana kusimamisha vita, Januari 1343. Vita hiyo ilihusu nani arithi utawala wa Bretagne baada ya Duke Jean III kufariki bila mtoto. Upande mmoja Charles de Blois, aliyeungwa mkono na Ufaransa. Upande wa pili familia ya Montfort, iliyoungwa mkono na Uingereza. Makubaliano hayakudumu. Vita iliendelea hadi 1364, na huwezi kuielewa Josselin bila kuikumbuka.

Ijumaa: Malestroit hadi Josselin

Siku fupi, ya kama kilomita ishirini na tano. Le Roc-Saint-André ina daraja la mawe lenye matao mengi, zuri kupita ukubwa wa kijiji. Montertelot ni kanisa, lango la maji na kimya. Zaidi ya hapo ni miti, ng'ombe, na korongo wa kijivu waliosimama kwenye kina kifupi wakingoja samaki wafanye uzembe.

Halafu Josselin. Watu wengi huingia kwa gari kutoka barabara kuu, wanaegesha juu kwenye uwanja, na mji unaonekana wa kawaida tu. Njia ya kuingia ni hii ya mtoni. Unakata kona, mto unanyooka, na upande wa pili unasimama mwamba mweusi na juu yake ukuta mmoja usio na haya, wenye minara mitatu ya mviringo yenye mapaa ya koni, yote ikiwa imepinduka tena majini. Shemeji alishuka kwenye baiskeli. "Shem, hawa walikuwa wanamwogopa nani?" akauliza.

Jibu fupi ni: kila mtu. Mwamba huu ulikaliwa mwanzoni mwa karne ya 11, mnamo mwaka 1008, na bwana mmoja wa eneo la Porhoët aliyeitwa Guéthenoc. Aliona kuwa hapa mto unavukika na njia zinakutana, akajenga ngome, na jina la mwanawe, Josselin, likawa jina la ngome na kisha la mji. Anayeshika kivuko ndiye anayeshika ushuru. Mji ukakua kwa kitambaa, ngozi na soko, ukiwa daima chini ya ukuta huo.

Tulipanga chumba ng'ambo ya mto, mtaa wa Sainte-Croix. Ndio mtaa wa zamani wa watu wa kazi, una kanisa dogo lililoanza karne ya 11, na nyumba zake zimeinama kuelekea majini. Nyumba ya wageni ilikuwa na ngazi nyembamba kiasi kwamba begi la shemeji lilibidi lipande kwanza, kisha yeye. Dirisha letu lilitazama ngome usoni, na kwa bei ile nilijiuliza kuna kasoro gani. Kasoro ilikuwa kengele za basilika.

Jioni tukala galette, chapati kubwa nyembamba ya unga wa ngano nyeusi. Mpishi alikuwa na sahani ya chuma ya mviringo, pana kuliko sinia, imepakwa mafuta ikawa nyeusi tii. Anamwaga upawa mmoja wa uji wa unga, anauzungusha kwa kijiti chenye umbo la T, mkono haukimbii wala hausimami. Sekunde chache uji umekuwa kitambaa chenye matundu. Anapasua yai juu yake, anaweka jibini na nyama, anakunja pembe nne. Kinywaji ni saida ya matofaa, inaletwa kwenye vikombe vya udongo. Kwa asiyetumia kilevi kuna juisi ya matofaa hayo hayo, na si ya kudharau. Upande huu wa mashariki ya Bretagne lugha ya wazee haikuwa Kibretoni bali Kigalo, jamaa wa Kifaransa, ingawa vibao vya barabarani vimeandikwa Kibretoni pia. Bibi aliyetuhudumia alisema bibi yake aliongea Kigalo na kuku, na Kifaransa na padri.

Jumamosi: sokoni, kisha ngomeni

Soko la asubuhi lilijaa chini ya basilika. Siagi yao ina chembe za chumvi, na wanaikata kutoka kwenye bonge. Shemeji alinunua nusu kilo, nikamuuliza ataibeba wapi juani. Hakujibu. Mji una wakazi wapatao 2,500 tu, lakini Jumamosi vijiji vyote vinamiminika.

Tulizunguka mitaa ya nyumba za mbao. Moja ina tarehe 1538, nyingine imechongwa jina la mwenyewe, Lovys Piechel, na mwaka 1624. Napenda ile hamu ya mfanyabiashara kuandika jina lake ukutani, mahali ambapo kila jiwe lingine ni la bwana mkubwa.

Septemba ngome hufunguliwa alasiri. Unaingia kwa juu, upande wa mjini, na hapo ndipo nilipotoa macho. Upande wa mto ni vita mtupu. Upande wa ndani, unaotazama bustani, ni jumba la anasa. Itale, jiwe gumu la Bretagne, limechongwa hadi limekuwa lesi. Madirisha ya ghorofa ya juu yana mapambo marefu ya mawe, na katikati yake kuna baraza zenye michoro ambayo haijirudii: hapa mistari ya miali, pale maua, pale herufi A yenye taji. Nilisogea nikaugusa mmoja. Kingo zake bado ni kali, baada ya miaka mia tano ya mvua ya Atlantiki.

Herufi A ni ya Anne wa Bretagne, mtawala wa mwisho wa Bretagne iliyojitegemea, aliyeolewa na wafalme wawili wa Ufaransa mmoja baada ya mwingine. Mjenzi wa upande huu, Jean II de Rohan, alikuwa amepigana upande wa mfalme wa Ufaransa dhidi ya baba yake Anne, Duke François II, na François akaibomoa ngome hii mwaka 1488. Rohan akalijenga upya jumba, kati ya mwisho wa karne ya 15 na mwanzo wa karne ya 16, na kulichonga herufi ya binti wa aliyembomolea. Niite mbeya, lakini hapo nasikia mtu anaomba radhi kwa sauti kubwa, kwa mawe.

Mtu mkubwa zaidi wa ngome hii ni wa kabla yake. Olivier de Clisson alikuwa mtoto baba yake alipokatwa kichwa Paris mwaka 1343 kwa amri ya mfalme wa Ufaransa, akishutumiwa kuungana na Waingereza. Mama yake, Jeanne, aliuza mali, akanunua meli, akageuka haramia dhidi ya Wafaransa. Olivier akalelewa Uingereza. Akarudi kupigana upande wa Montfort, akapoteza jicho kwenye vita ya Auray 1364, iliyomaliza ugomvi wa urithi. Kisha, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, akahamia upande wa mfalme wa Ufaransa. Mwaka 1370 akaipata Josselin. Alimuoa Marguerite de Rohan, na mwaka 1380 akafanywa mkuu wa majeshi ya Ufaransa yote. Aliitwa Mchinjaji, na hakuwa anasifiwa upishi.

Mwaka 1392 walijaribu kumuua usiku katika barabara za Paris. Alinusurika. Mfalme Charles VI akakusanya jeshi kwenda kumwadhibu aliyempa hifadhi mshambuliaji, na safarini, karibu na mji wa Le Mans, mfalme mwenyewe akapatwa na wazimu na kuwashambulia watu wake. Hakupona kabisa maisha yake yote, na Ufaransa ikalipa kwa miongo ya vurugu. Clisson alikuja kufia hapa Josselin, 1407. Kaburi lake liko kwenye basilika: yeye na Marguerite wamelala kwa marmari nyeupe, yeye ndani ya deraya.

Kuna mnara mmoja umesimama peke yake uwanjani. Ngome ya Clisson inasemekana ilikuwa na minara tisa. Karne ya 17 Duke Henri de Rohan aliongoza uasi wa Waprotestanti, na Kardinali Richelieu, waziri wa Louis XIII, akaamuru ngome ipunguzwe: mnara mkuu na mingine kadhaa ikaangushwa mwaka 1629. Inasimuliwa kuwa Richelieu alimpa Rohan habari kwa utani, kwamba ametupa tufe zuri katikati ya pini zake, kama kwenye mchezo wa kuangusha pini kwa tufe. Utani wa mwenye nguvu hauhitaji kuchekesha.

Familia ya Rohan bado inaishi hapa. Ghorofa ya chini inatembezwa na mwongozaji, picha haziruhusiwi, na juu yake kuna watu wanakunywa chai. Chumba cha kulia kina sanamu ya Clisson juu ya farasi, kazi ya Emmanuel Frémiet. Katika mazizi ya zamani kuna makumbusho ya wanasesere, mamia kwa mamia, waliokusanywa na mabibi wa familia tangu mwisho wa karne ya 19. Shemeji alitoka baada ya dakika mbili akisema wanamtazama.

Jumapili, 8 Septemba: hija

Kengele zilitutoa kitandani. Tangu asubuhi watu walikuwa wanapanda kutoka maegesho: familia nzima, watawa, wazee kwenye viti vya magurudumu, wanaume wenye bendera za parokia zilizodariziwa kwa nyuzi za dhahabu, kila moja na mpini mzito unaohitaji mtu mwenye kiuno. Baadhi ya wanawake walivaa vilemba vyeupe vya lesi vya kimila.

Hadithi inaanza mwaka 808. Mkulima mmoja alikuwa akikata kichaka cha miiba ambacho majani yake hayakukauka hata wakati wa baridi. Ndani yake akakuta sanamu ya mbao ya Bikira Maria. Akaipeleka nyumbani, kesho yake ikawa imerudi kichakani. Ikawa hivyo mara kadhaa, hadi akaelewa kuwa panatakiwa kujengwa kanisa pale pale. Binti yake aliyekuwa kipofu akapata kuona. Ndiyo maana basilika inaitwa Notre-Dame du Roncier, ya Bikira wa kichaka cha miiba. Sanamu ya kale ilichomwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, mwaka 1793, na kipande kilichookolewa kinatunzwa kwa heshima hadi leo. Inayobebwa kwenye maandamano ni ya baadaye. Ilivikwa taji mwaka 1868, na kanisa likapewa hadhi ya basilika 1891.

Mimi si Mkatoliki na shemeji ni Mkatoliki wa Krismasi. Lakini maandamano yalipoanza kuteremka, bendera zikipishana na mabango ya maduka, watu wakiimba wimbo wenye kiitikio ambacho hata mtoto anakijua, tulijikuta tumo katikati. Mama mmoja alinipa karatasi ya maneno bila kuniuliza kitu.

Baada ya misa tukashuka kwenye chemchemi ya Bikira, chini ya mji. Hapa ndipo panapohusishwa na kisa ambacho vijitabu vya wageni hukipa mistari miwili, nami naona ndicho kisa kikubwa cha Josselin. Wanawake walikuwa wakifua nguo. Akaja ombaomba mchafu mwenye kiu, akaomba maji. Wakamcheka, wakamfukuza kwa mbwa. Ombaomba akajigeuza, akawa Bikira mwenyewe, na akawalaani: ninyi na vizazi vyenu mtabweka kama mbwa mliowatuma.

Na watu walibweka kweli. Wanawake wa Josselin na vijiji vya jirani walipatwa na vifafa vya kubweka, hasa siku za Pentekoste, wakibebwa na wanaume kadhaa hadi kanisani ili wabusu masalia ya Bikira, na wakishabusu wanatulia. Katikati ya karne ya 19 wasomi walikuja kuwatazama na kuandika juu yao, wakibishana kama ni ugonjwa wa neva, maigizo au shetani. Wengi wa wanawake hao walikuwa maskini. Wasomi waliandika kwa makini jinsi walivyobweka. Juu ya maisha yao ya siku nyingine za mwaka waliandika kidogo sana. Mwanamke wa karne ile aliyekuwa na siku moja ambayo mji mzima ulilazimika kumsikiliza sauti yake, hata ikiwa sauti ya mbwa, hakuwa na nyingi za aina hiyo.

Shemeji aliinama akanawa uso. "Mji umekaa juu ya mto," akasema, "halafu watu wananyimana maji." Nikamwambia angoje kesho, kuna mwingine.

Jumatatu: nguzo ya Thelathini

Kilomita chache kuelekea Ploërmel, kando ya barabara kuu ya magari yaendayo kasi, kuna nguzo ya mawe yenye ncha, iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1820. Kufika kwa baiskeli kunahitaji njia za vijijini na uvumilivu. Hapa ulikuwepo mwaloni ulioitwa wa Nusu Njia, katikati ya Josselin na Ploërmel.

Machi 1351, katika vita ile ile ya urithi, Josselin ilikuwa mikononi mwa Jean de Beaumanoir, mtu wa Charles de Blois. Ploërmel ilishikiliwa na Robert Bemborough kwa niaba ya upande wa Waingereza, na wakulima wa eneo hili walikuwa wanasagwa kati ya wawili hao. Wakakubaliana wapigane thelathini kwa thelathini mahali hapa, tarehe 26. Wakaja wamevaa chuma, na watu wakaja kutazama. Katikati ya pambano wakapumzika kwa makubaliano, wakanywa, wakafungwa majeraha, kisha wakaanza tena. Upande wa Bemborough haukuwa wa Waingereza watupu: walikuwamo Wajerumani, na Wabretoni pia.

Beaumanoir alikuwa amefunga, maana ilikuwa Kwaresima. Akajeruhiwa, damu ikamtoka, akaomba maji. Mwenzake Geoffroy du Bois akampigia kelele: kunywa damu yako, Beaumanoir, kiu itakupita. Maneno hayo kila mtoto wa shule wa Bretagne aliwahi kuyasikia, na yamefanywa fahari. Nilimtazama shemeji. "Huyo naye kanyimwa," akasema, "tena na rafiki yake."

Bemborough aliuawa. Ushindi ulikuja pale Guillaume de Montauban alipopanda farasi. Wenzake walidhani anakimbia. Yeye akageuza na kuwapitia wapinzani waliokuwa kwa miguu, safu yao ikavunjika. Waliobaki wakachukuliwa mateka hadi Josselin. Vita yenyewe haikubadilika hata kidogo kwa siku hiyo: ilidumu miaka mingine 13, na upande wa Beaumanoir ukashindwa.

Majina ya thelathini wa Josselin yamechongwa kwenye nguzo. Wapinzani hawamo. Tuliyasoma yote huku malori yakitupita nyuma ya uzio, na ubishi ukaanza. Shemeji anashikilia kuwa kama mlikubaliana kupigana kwa miguu, farasi ni mpira wa mkono, goli lifutwe. Mimi nikasema hakuna anayejua kama masharti yalikataza farasi. Akasema mshindi ndiye aliyeandika masharti baadaye. Tulibishana hadi Ploërmel, na tukaendelea kwenye njia ya baiskeli iliyowekwa juu ya reli ya zamani kuelekea Questembert, ambako kuna kituo cha treni ya kurudi. Atakayeiga safari hii aipendelee njia hiyo ya reli: ina kivuli karibu yote, na siagi, kwa mshangao wangu, ilifika Nantes ikiwa bado bonge.